Klachi, Binti na Kauli ya Muuzaji



Wiki hii twaijibu barua ya mama mmoja wa Kisauni, ambaye jina lake twalihifadhi kwa ombi lake. Bintiye ana umri wa miaka 18, amemaliza kidato cha nne, na leseni ya kuendesha gari amekwisha kuipata. Mama huyo hupika sambusa, mikate ya sinia na keki za arusi, na mpaka sasa mizigo ya wateja huipeleka kwa tuktuk. Jamaa wa mumewe ana gari dogo la steshenwagoni, la dizeli na la gia za mkono, ambalo ataka kuliuza kwa bei iliyo chini ya bei ya magari ya aina yake. Sababu ameieleza kwa maneno machache: klachi “yataka kukazwa kidogo tu”. Fedha zilizopo ni za mchezo wa akina mama, zilizokusanywa kwa zamu na kwa kujinyima.

Mama auliza mambo mawili. La kwanza, je, gari hilo linunuliwe kwa ajili ya binti? La pili, ambalo twadhani ndilo hasa lililomfanya ashike kalamu, je, si utovu wa adabu kumpelekea fundi mtu wa nyumbani, kana kwamba neno lake halitoshi?

Tutaanza na la pili, kwa kuwa ndilo lifungualo mlango wa la kwanza.

Haya na swali

Sisi watu wa mwambao tumelelewa katika haya, na haya ni pambo ambalo hatungependa mtu yeyote alivue. Lakini kuna haya, na kuna woga uliovaa nguo za haya. Mtu aonaye aibu kuuliza juu ya gari la shemejiye leo, ndiye yule yule atakayemsema shemeji huyo barazani mwezi ujao, gari likishamlalia njiani. Udugu hauvunjwi na swali lililoulizwa kabla ya mkataba. Huvunjwa na jambo lililogunduliwa baada ya malipo.

Wengi wetu twakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni penye fungu la chakula, akatia mkono ndani yake, na vidole vyake vikakuta umajimaji ambao kwa juu haukuonekana. Mwenye mali alieleza kwamba ni mvua iliyonyesha. Mtume akamuuliza ni kwa nini basi ile sehemu iliyolowa hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akaukemea udanganyifu kwa maneno mazito. Katika kisa hicho twaona mambo mawili. Mfanyabiashara yule hakusema uongo kwa ulimi wake. Alinyamaza tu, na akakipanga chakula kwa namna ya kupendeza. La pili, mkono ulitiwa ndani ya fungu, wala haukuhesabiwa kuwa ni tusi. Fundi anayelala chini ya gari kwa tochi yake ndiye mkono huo.

Tena ni vyema kumtendea haki jamaa huyu. Yeye hakunyamaza, ameitaja klachi. Kasoro iliyotajwa huwa sehemu ya bei, na kasoro iliyofichwa huwa deni. Linalobaki ni kujua kama kasoro aliyoitaja ndiyo iliyomo, kwani huenda mwenyewe haijui kwa ukamilifu. Watu wengi huliendesha gari kwa miaka na miaka bila ya kujua kilichomo chini ya miguu yao. Basi mama na amwambie kwa upole: “Shemeji, gari lako latupendeza. Tupe ruhusa fundi wetu aliangalie nawe ukiwapo, ili tukikubaliana, sote tuwe tumekubaliana juu ya jambo moja.” Mtu mwema hakatai maneno hayo. Na akiyakata, jibu limepatikana bila ya kutoa senti.

Klachi ni kitu gani?

Si wajibu wa kila mama kuwa makanika, lakini ni hasara kununua kitu usichoweza kukitaja viungo vyake. Injini huzunguka muda wote ikiwa imewashwa, ilhali magurudumu hayazunguki muda wote. Kati ya injini na giaboksi pana flaiwili, nalo ni gurudumu zito la chuma lililofungwa kwenye injini. Dhidi ya flaiwili hilo hubanwa pleti ya klachi, yenye kitambaa kigumu cha msuguano, na kinachoibana ni presha pleti yenye springi kali. Mguu ukikanyaga, beringi husukuma springi, pleti huachwa huru, na gia hubadilishwa. Mguu ukiachia, pleti hubanwa tena, na nguvu za injini hupita kwenda magurudumuni. Kila mbano una msuguano wake, na kila msuguano hula kidogo. Kwa hiyo klachi kuisha si ajabu wala si aibu. Mfano wake ni soli ya kiatu: imewekwa ili iliwe, nayo huliwa upesi au polepole kulingana na mwendo wa mwenye mguu.

Kwa gari la dizeli pana neno la kuongeza. Injini ya dizeli huvuta kwa nguvu nyingi hata inapozunguka polepole, na mvuto wote huo hupitia kwenye pleti hiyo moja. Gari lenye klachi iliyochoka laweza kwenda vizuri kabisa katika barabara tambarare ya Nyali asubuhi, kisha likakuaibisha jioni kwenye mwinuko wa kutokea feri ya Likoni, likiwa na mzigo wa keki nyuma na msururu wa magari kisogoni.

Maradhi matatu yenye jina moja

Neno “klachi ina shida” ni kama mtu kusema “naumwa na tumbo”. Maradhi yaweza kuwa mamoja kati ya mengi, na dawa zao hazilingani kwa bei.

La kwanza ni maradhi ya kanyagio. Kanyagio huzama hadi chini bila ya uzito, au gia hulia zinapoingia, hasa gia ya kurudi nyuma. Hapo klachi haiachii sawasawa. Kwa magari yanayotumia kebo, huenda kebo imelegea, na hapo ndipo neno “kukazwa” laweza kuwa la kweli. Kwa magari yanayotumia mafuta, huenda hewa imeingia, au silinda ya juu au ya chini inavuja. Haya mara nyingi ndiyo maradhi mepesi, kwa sababu giaboksi huwa haishushwi.

La pili ni maradhi ya beringi. Ukikanyaga, husikika mlio wa kukwaruza au wa mluzi. Ukiachia, mlio hutoweka. Beringi yenyewe ni kitu kidogo, lakini kwa kawaida haifikiwi mpaka giaboksi ishushwe, na kazi ya kuishusha ndiyo ilayo fedha. Mlio ukiwa kinyume chake, yaani wasikika mguu ukiwa juu na hutoweka ukikanyaga, shaka huelekea kwenye beringi za giaboksi yenyewe, na hilo ni jambo zito zaidi.

La tatu ni kuteleza. Unaongeza mafuta, injini inapiga kelele, lakini mwendo hauongezeki. Mara nyingine hufuata harufu kali ya kitu kilichoungua. Hapo pleti imeliwa, au imelowa mafuta yanayovuja kutoka kwenye sili ya nyuma ya injini. Hakuna kukaza kunakoponya maradhi haya. Kukaza huahirisha tu. Giaboksi lazima ishuke, na akishaishusha, fundi mwaminifu atakushauri ubadilishe seti nzima: pleti, presha pleti na beringi, kwani gharama ya kushusha ni ile ile. Ataliangalia na flaiwili pia. Likiwa na mikwaruzo hafifu, laweza kusawazishwa kwa mashine. Lakini magari mengi ya dizeli ya kisasa yana flaiwili la vipande viwili lenye springi ndani yake, lililowekwa ili kupunguza mtetemo, na hilo likichoka bei yake yaweza kuizidi seti nzima ya klachi.

Basi swali la kwanza la kumuuliza fundi ni hili: “Ni lipi kati ya matatu?” Swali la pili: “Gari hili lina flaiwili la aina gani?”

Namna ya kulipima

Nendeni asubuhi, na mwombeni muuzaji mapema asiliwashe gari kabla hamjafika. Dizeli iliyopoa husema ukweli. Ikiwa injini yachukua muda mrefu kuwaka, plagi za kupasha joto au mgandamizo wa injini huenda vina matatizo. Mkikuta boneti tayari ina joto, ulizeni sababu.

Kisha fundi aliendeshe gari, na binti akae nyuma aangalie. Kwenye mwinuko mdogo, gari likiwa katika gia ya nne na mwendo wa wastani, aongeze mafuta kwa ghafla. Kelele ya injini ikipanda peke yake na gari likabaki pale pale, klachi inateleza. Pana na kipimo kingine ambacho hufanywa mara moja tu, tena na fundi, mahali pa wazi pasipo watu mbele wala nyuma: breki ya mkono ikiwa imevutwa sawasawa, gia ya tatu huingizwa na klachi huachiwa polepole. Gari lenye klachi nzima huzimika papo hapo. Likiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, pleti imekwisha.

Lakini msikubali klachi iwaibie macho. Mara nyingi kasoro moja iliyotajwa huwafanya wanunuzi wasahau kutafuta zile zisizotajwa. Moshi mweusi mzito huashiria mafuta yasiyochomeka vizuri, kutokana na nozeli au filta ya hewa. Moshi wa samawati huashiria kwamba injini yala oili. Moshi mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata joto wahitaji maelezo. Tena sisi huku kwetu tuna adui asiyejulikana sana na watu wa bara, naye ni chumvi ya bahari. Fundi aiangalie chasisi kwa chini, na apitishe mkono kwenye mabomba ya breki, maana kutu huyala kimyakimya. Klachi ikifa, gari husimama. Breki zikifa, gari halisimami.

Hesabu kabla ya bei

Twatoa mfano wa hesabu, na nambari zake ni za kufundishia tu, si bei za soko. Tuseme gari zima la aina hiyo huuzwa shilingi 600,000, na hili lauzwa 540,000. Punguzo ni 60,000. Fundi akisema ni silinda inayovuja, na kazi nzima ni 10,000, basi mnunuzi amepata nafuu ya 50,000. Akisema ni seti nzima, na gharama ni 55,000, punguzo na gharama vyakaribia kulingana, na aliyefaidika ni muuzaji, ambaye amejiepushia usumbufu. Akisema ni seti pamoja na flaiwili, na jumla ni 120,000, basi gari lililoitwa rahisi limekuwa ghali kuliko lile zima, kwa shilingi 60,000.

Gari ni lile lile, bei ni ile ile, na neno la muuzaji ni lile lile. Kinachotofautisha faida na hasara ni kauli ya fundi iliyopatikana kabla ya kulipa. Ujira wa fundi wa siku moja si kitu mbele ya tofauti hiyo. Na fundi asiwe ndugu wa muuzaji wala rafiki wa dalali. Awe ni mtu ambaye hana faida ikiwa gari litanunuliwa wala likiachwa.

Twaongeza neno juu ya dizeli yenyewe. Shirika la EPRA hutangaza bei za mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, na watu wengi huifuata dizeli kwa sababu injini zake huenda mbali kwa lita moja. Faida hiyo huonekana kwa mtu wa safari ndefu, kama yule aendaye Kilifi na kurudi kila siku. Kwa safari fupi fupi za Kisauni, Nyali na Mji wa Kale, faida hupungua, na dizeli za kisasa zenye chujio la masizi huweza kuziba zisipopata mwendo mrefu. Mama na aandike safari zake za wiki moja, aone ni kilomita ngapi, kabla hajaamini kwamba dizeli itamlipa.

Sheria ya nchi na fiqhi yetu

Wasomaji wengi hudhani kwamba gari likitokea kuwa bovu, sheria italirudisha. Si rahisi hivyo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya humdai yule ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo kwamba bidhaa yake iwe ya kiwango kinachofaa kuuzwa. Mtu binafsi anayeuza gari lake mwenyewe hafungwi na sharti hilo kwa namna hiyo hiyo. Tena mnunuzi akishalikagua gari, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Kwa hiyo maneno ya mdomo hayatoshi, yaandikwe.

Wengine hudhani kwamba ugomvi wa aina hii ungepelekwa kwa Kadhi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imeiwekea mahakama ya Kadhi mipaka: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kwa wale Waislamu waridhiao. Mkataba wa gari haumo. Ukifikia kushtakiana, jambo ambalo Mwenyezi Mungu atuepushie, mlango ulio karibu ni Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000.

Fiqhi, hata hivyo, yabaki kuwa mwongozo wa dhamiri zetu, nayo ina mambo ya kina katika mlango huu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu mwambaoni, mnunuzi na muuzaji waweza kushurutishana hiari ya siku zisizozidi tatu, ambazo ndani yake mauzo yaweza kuvunjwa. Mnunuzi akigundua kasoro ya tangu kabla ya kukabidhiwa, ambayo hakuijua, ana haki ya kurudisha. Lakini haki hiyo yataka haraka: arudishe mara ajuapo, na aache kukitumia kitu hicho. Wanazuoni walitaja mnyama wa kupandwa: mtu aliyejua kasoro yake kisha akaendelea kumpanda kwa shughuli zake huwa amejipotezea haki. Mwenye gari na azingatie. Ukiisikia klachi ikiteleza siku ya pili, ukaendelea kupelekea watu keki kwa mwezi mzima, kisha ukaenda kumlaumu muuzaji, umechelewa. Na kasoro uliyotajiwa ukaikubali haina marejeo.

Kwa hiyo twashauri iandikwe karatasi moja, yenye saini za wawili na mashahidi wawili: kasoro iliyotajwa ni ipi, fundi amesema nini, bei ni ngapi, na siku za hiari ni ngapi. Hiyo haiwi shaka juu ya shemeji. Ni hifadhi ya shemeji pia, kwani nayo yamlinda na lawama ya kasoro ambayo yeye aliisema na mnunuzi akaisahau.

Na kabla ya malipo, nambari ya gari ichunguzwe kwa NTSA kupitia eCitizen, ionekane jina la mwenye gari ni nani, na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikishwa pamoja naye. Uhamisho huanzishwa na muuzaji katika akaunti yake, na mnunuzi huukubali katika yake. Gari lisitoke barabarani likiwa bado na jina la shemeji, wala bila ya bima. Bima ya mhusika wa tatu ni lazima kisheria, na kwa wapendao, takaful ipo hapa nchini tangu mwaka 2011. Mama aulize pia kiasi ambacho mwenye bima hukilipa mwenyewe ajali ikitokea, maana sera nyingi huongeza kiasi hicho kwa dereva kijana.

Mwisho wa karatasi, iangaliwe leseni ya binti. Leseni ya daraja la B1 ni ya magari ya otomatiki tu. Gari la gia za mkono lahitaji B2. Vijana wengi siku hizi hujifunza kwa otomatiki. Ikiwa binti ana B1, basi mjadala wa klachi usubiri mpaka arudi darasani.

Mguu wa binti

Sasa twafikia jambo lililo zito kuliko fedha. Baadhi ya wazazi husema: “Anunuliwe hivyo hivyo, ajifunzie kwenye klachi mbovu, akiimaliza tutaweka mpya.” Twawasihi wasifanye hivyo. Dereva mpya hujifunza kwa mguu, na mguu unaojifunza kwenye klachi inayoteleza hujifunza uongo. Huzoea kuongeza mafuta kupita kiasi, na kuachia klachi mahali pasipo pake. Akiwekewa mpya, ataila kwa miezi michache kwa mazoea yale yale. Zaidi ya hayo, klachi hukata tamaa pale ilipolemewa: kwenye mwinuko, kwenye foleni, au kwenye barabara kuu ya Mazeras penye malori nyuma yako. Binti wa miaka 18, magharibi imekaribia, gari limekataa kupanda: hilo ndilo tuliwekalo kwenye mizani, wala si shilingi peke yake. Klachi itengenezwe kwanza, kisha binti apewe ufunguo.

Na siku giaboksi ishushwapo, binti na awepo gerejini, pamoja na mama au kaka yake. Tunajua wapo watakaosema kwamba gereji si mahali pa mtoto wa kike. Twauliza: je, ni stara zaidi binti ajue neno la kumwambia fundi akiwa na mamaye mchana, au asimame peke yake kando ya barabara usiku, akitegemea huruma ya apitaye? Ashike pleti kuukuu kwa mkono wake, aone ilivyoliwa, aitie karibu na mpya apime unene. Somo hilo halisahauliki.

Kisha afunzwe adabu chache za klachi. Asiegeshe mguu juu ya kanyagio wakati gari linakwenda, kwani hata uzito mdogo huichosha beringi na kuilegeza pleti. Asilizuie gari mlimani kwa klachi. Avute breki ya mkono, na ailegeze pale anapohisi injini imeanza kuvuta. Kwenye foleni aweke gia huru, apumzishe mguu. Asianze safari kwa gia ya pili ati kwa kuwa dizeli ina nguvu. Na akisikia harufu ya kuungua, au akaona injini yapanda na gari halipandi, asubuhi hiyo hiyo aseme nyumbani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kijana huficha maradhi ya gari kwa kuogopa kugombezwa. Basi mzazi na aahidi tangu mwanzo kwamba mwenye kusema mapema hatagombezwa.

Gari pia lisikabidhiwe kama zawadi isiyo na masharti. Kwa kuwa limenunuliwa kwa jasho la akina mama wa mchezo, na liwe amana yenye kazi. Binti awe na daftari: mafuta aliyotia, mizigo aliyopeleka, oili ilibadilishwa lini. Kila wiki kiasi fulani cha mapato ya keki kiwekwe kando kwa matengenezo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ndilo mali inayopotea upesi kuliko zote, kwa kuwa hupotea huku lakutazama.

Jibu letu

Je, linunuliwe? Linunuliwe ikiwa muuzaji ameruhusu fundi. Ikiwa maradhi yamejulikana kwa jina lake, na gharama yake imetolewa katika bei. Ikiwa breki, injini na chasisi ni salama. Ikiwa leseni ya binti yaruhusu. Na ikiwa fedha ya kuitengeneza klachi ipo mkononi siku ile ile ya kununua, si “tutaona mbele”. Liachwe ikiwa lolote kati ya hayo limekosekana. Na likiachwa, liachwe kwa maneno mazuri na dua, kwani shemeji atabaki kuwa shemeji.

Tuna neno pia kwa wauzaji, maana gazeti hili husomwa na pande zote mbili. Yasimuliwa kuhusu sahaba Jarir bin Abdillah (r.a.) kwamba aliponunua farasi kwa bei aliyoiona haimfikii thamani, alimrudia mwenyewe na kumwongezea, kwa sababu alikuwa amemuahidi Mtume (s.a.w.) kumtakia mema kila Mwislamu. Hatukuombeni mfike daraja hiyo. Twaomba tu kwamba unapomuuzia mtu gari atakaloendesha mtoto wake, useme klachi inateleza ikiwa inateleza, wala usiseme yataka kukazwa.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu barabarani, na atie baraka katika mauzo na manunuzi yetu. Wabillahi tawfiq.